Msitu Nao ni Karakana

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni Jumapili jioni. Tunayachapa hapa kwa ajili ya wasikilizaji walioomba wayapate kwa maandishi, na kwa wale ambao hawakuyasikia.)

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji uliye na gazeti mkononi, leo nataka tuzungumze habari ya kutembea. Sina maana ya kutembea kwenda kituo cha daladala, wala ile mizunguko ya alfajiri ambayo daktari humwamuru mtu mwenye sukari au presha. Nasema kutembea msituni, polepole, chini ya miti, kwa nia ya kubuni kitu. Najua wapo watakaocheka. Hapa mjini kwetu Dar es Salaam, mtu akikuona unaingia msituni bila shoka wala gunia atakuuliza kama umepotelewa na ng'ombe, au kama unatafuta mizizi ya mganga. Kwamba unakwenda kazini, hilo halitampitia akilini.

Hebu nieleze kisa kilichonifanya nishike kalamu.

Mtaani kwetu yupo kijana mmoja, fundi seremala. Kazi alijifunza Keko, na mkono wake ni mzuri. Alipata kazi ya kutengeneza mabenchi 12 ya kuwekwa nje, chini ya mwembe, kwa ajili ya watu wanaosubiri huduma. Mteja alikuwa na sharti moja kubwa: benchi lisiyumbe. Uwanja wenyewe ni wa mchanga. Mabenchi ya zamani yalikuwa yamekwisha kuvunjika miguu, kwa sababu watu wakikaa upande mmoja mguu unazama, benchi linapinda, na kiungo kinaachia. Tena mteja akaongeza sharti la pili, kwamba mbao zisiwe nyingi maana fedha ni kidogo.

Kijana akakaa na karatasi. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili nayo ikapita. Kila alichochora kilikuwa benchi lilelile la zamani, limeongezewa ubao hapa na ubao pale. Akafungua simu, akatazama picha za mabenchi ya Uturuki na China mpaka macho yakamuuma. Malipo ya awali alikuwa ameshayapokea, na yote yamekwenda kwenye kodi ya karakana. Zilipobaki siku sita kabla ya kumwonyesha mteja mfano, alikuja kwangu jioni, akaniamkia, akakaa barazani kimya.

Nikamwambia, "Kesho usifungue karakana. Tutakwenda Pugu kutembea."

Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. "Mzee wangu," akasema, "mimi nadaiwa kazi. Nikatembee msituni kama bwana miti?"

Ndugu msikilizaji, swali lake lilikuwa la haki. Mtu mwenye deni la kazi anaambiwaje aende matembezini? Sikumjibu kwa hoja za vitabuni. Nilimuuliza kama amewahi kumwona fundi wa majahazi akitafuta mbao.

Fundi wa jahazi wa pwani yetu hii, kwa desturi, hakuwa na ramani ya karatasi. Umbo la chombo alikuwa nalo kichwani. Lakini ndani ya jahazi kuna mataruma, yaani zile mbavu zinazoshikilia mbao za ubavuni. Mataruma yamepinda, na hapo ndipo penye elimu. Ukichukua ubao ulionyooka ukauchonga ili upate umbo lililopinda, unakata nyuzi za mti. Taruma la namna hiyo likipigwa na dhoruba linapasuka palepale nyuzi zilipokatika. Kwa hiyo fundi huutafuta mti au tawi ambalo lenyewe, katika kukua kwake, limekwisha kupinda kama anavyotaka. Anatembea. Anasimama. Anainamisha kichwa, anazunguka upande wa pili, anaupima mti kwa jicho. Mtu mwingine anaona tawi bovu lililokwenda kombo, na yeye anaona taruma la tatu kutoka tezini. Sasa niambie, hiyo ni tembea ya uvivu? La hasha. Nusu ya usanifu wa chombo imefanyika humo humo msituni, kabla msumeno haujagusa kitu.

Basi hili ninalolieleza si jambo geni la Wazungu. Ni la kwetu. Ila kwa kuwa siku hizi tumezoea kuamini kilichopimwa, nitataja na wengine.

Wengi mnaijua ile mimea inayoitwa kishona nguo. Ukipita majanini unarudi nyumbani suruali imejaa vijiti vyeusi vilivyong'ang'ania kitambaa. Sisi huvibandua, tukavitupa, tukaendelea na maisha. Mwaka 1941 mhandisi mmoja wa Uswisi, George de Mestral, alirudi kutoka matembezini na mbwa wake, naye akakuta mbegu za mmea mwingine wa tabia hiyohiyo zimegandamana na manyoya ya mbwa na suruali yake. Yeye hakuzitupa. Aliiweka moja chini ya darubini, akaona vijikulabu vidogo sana vilivyonasa kwenye vitanzi vya uzi. Akajiuliza kama mtu anaweza kutengeneza kifungo cha namna hiyo. Ilimchukua zaidi ya miaka 10 ya majaribio kabla ya kupewa hataza mwaka 1955. Kitu chenyewe ni Velcro, ule utepe wa kukwaruza unaofunga viatu vya watoto wetu na mikoba yao. Vishona nguo vimetushika sote. Mmoja tu kati ya mamia elfu alisimama akatazama.

Pengine utasema huyo alikuwa na bahati. Haya, tuje kwenye vipimo. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, Marily Oppezzo na Daniel Schwartz, walitangaza matokeo ya majaribio yao. Waliwapa watu vitu vya kawaida na kuwataka wataje matumizi mengine ya vitu hivyo, mengi kadiri wanavyoweza. Walewale wakiwa wamekaa, na walewale wakiwa wanatembea. Kwa wastani, mawazo mapya yaliongezeka kwa asilimia 60 hivi mtu anapotembea. Tena ajabu ni kwamba hata aliyetembea juu ya mashine ya mazoezi, ameelekea ukuta mtupu, alifaidika. Na hata akikaa chini baada ya kutembea, faida ilibaki kwa muda.

Lakini watafiti hao walisema na jambo la pili, ambalo wapenda matembezi hawapendi kulitaja. Walipotoa maswali yenye jibu moja tu sahihi, kutembea hakukusaidia, na hata kulirudisha watu nyuma kidogo. Maana yake ni nini kwa fundi? Maana yake ni kwamba miguu ni ya kuvumbua na meza ni ya kupima. Anayetaka kujua ubao uwe na unene gani, akae chini na futi yake. Anayetaka kujua kwanza ni kitu gani akitengeneze, ainuke.

Sasa utaniuliza: kama hata mashine iliyoelekea ukuta inafaa, msitu wa nini? Si nitembee tu barabara ya Uhuru?

Hapo kuna watafiti wengine wawili, mtu na mkewe, Rachel na Stephen Kaplan, ambao mwaka 1989 walitoa kitabu kinachoeleza jinsi akili ya mtu inavyochoka na inavyopumzika. Kwa lugha nyepesi, walisema kwamba kuna kuangalia kwa nguvu na kuangalia kwa raha. Mjini tunaangalia kwa nguvu. Bodaboda huyo, shimo hilo, kondakta anaita, simu inalia, mkono uko mfukoni unalinda pochi. Akili imeshikwa shati pande zote. Msituni kuna mambo mengi ya kutazama, lakini hakuna hata moja linalokushika shati. Jani linacheza, mwanga unahama, ndege anaruka, na akili inakwenda na kurudi kwa hiari yake. Katika kwenda na kurudi huko ndipo mawazo mawili ambayo hayajawahi kukutana hukutana. Aidha, msitu una maumbo, na kila umbo limekwisha kupewa mtihani wa upepo, mvua na uzito wake lenyewe. Ukuta mtupu hauna la kukufundisha.

Basi asubuhi yake tulipanda daladala mpaka Pugu, tukafuata utaratibu wa kuingia, maana ule ni msitu wa hifadhi na una wenyewe. Saa nzima ya kwanza ilipotea bure. Kijana alikuwa anatembea kama anayekimbilia gari la mwisho, na kila baada ya hatua kumi anatoa simu. Nilimwomba aizime. Kisha nikamwambia abadilishe swali.

Hili, ndugu msikilizaji, ndilo jambo ninalotaka ulishike kuliko yote. Ukiingia msituni na swali, "Nitengeneze benchi gani?" msitu utakaa kimya, kwa sababu humo hakuna mabenchi. Uliza kazi, usiulize kitu. Nilimwambia, "Uliza hivi: humu ndani ni nani anayesimama kwenye udongo mlaini, amebeba mzigo mzito, na hayumbi?"

Akasimama. Nadhani alisimama kwa dakika nzima. Mbele yetu palikuwa na mti mkubwa ambao sote wawili hatukulijua jina lake. Shina lake halikuingia ardhini kama nguzo ya umeme. Lilipokaribia chini lilitoa mbawa, yaani mizizi mipana, myembamba, iliyosimama kwa ukingo kama mbao zilizoegemezwa, mmoja huku na mwingine kule. Kila ubawa ulianza juu kwenye shina, kama urefu wa kiuno cha mtu, ukateremka ukitanuka mpaka chini, ukakimbia mbali juu ya ardhi.

Kijana akachutama. Akaupima unene wa ubawa kwa vidole: vidole vinne tu, na nyuma yake kuna mti wa tani nyingi. Akatoa daftari. Nilimzuia asipige picha kwanza. Picha inampa mtu ruhusa ya kuondoka kabla hajaona. Anayechora kwa penseli analazimika kuhesabu: mbawa ni ngapi, zinaanzia wapi, zinakutana vipi na shina. Alichora kwa karibu saa nzima. Sange mmoja, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu, alipita akichakura majani, akatutazama, akaenda zake.

"Mzee," akasema kijana, "mimi nimekuwa nikiongeza unene wa mguu. Huyu hakuongeza unene. Ametanua unyayo, na amelishika shina kwa juu."

Mwanamke aliyewahi kwenda harusini ufukweni ataelewa upesi. Mwenye kisigino kirefu anazama mchangani, mwenye kandambili anapita. Uzito ni uleule, ila umegawanywa. Na ubao mwembamba ukisimamishwa kwa ukingo haupindi kirahisi kama ukilazwa. Mambo hayo mawili yapo katika vitabu vya ufundi, na kijana aliyasoma. Lakini kusoma ni kitu kimoja, na kuyaona yamebeba mti ni kitu kingine.

Tulirudi mjini. Jioni hiyohiyo, kabla usingizi haujafuta, alikaa mezani. Kesho yake akatengeneza mfano kwa vipande vya mabaki: badala ya miguu minne, mbao mbili za kusimama zilizotanuka chini, zikikalia kitako kirefu cha ubao. Tukakaa watu watatu juu yake. Likapasuka.

Naam, lilipasuka. Sikuja hapa kuwaambia hadithi ya miujiza. Fundi alikuwa amekata ule mtanuko kutoka ubao mmoja mpana, na nyuzi zikakatika palepale penye mzigo. Alikitazama kile kipande kilichovunjika, kisha akacheka peke yake. "Taruma," akasema. Mfano wa pili ulikuwa na mbawa za vipande vilivyoungwa, kila kipande nyuzi zake zikifuata mteremko, kama ulivyokua ule mti. Huo ulisimama. Mteja aliukagua, akausukuma, akaomba apunguziwe bei, kama ilivyo kawaida, na mabenchi 12 yakatengenezwa. Mbao zilipungua kidogo kuliko za mabenchi ya zamani. Kijana hakutajirika, ila deni alilimaliza, na sasa ana benchi ambalo si nakala ya mtu.

Hapa nitoe tahadhari. Msitu unafundisha, lakini mwanafunzi anaweza kuelewa vibaya. Huko Harare, Zimbabwe, kuna jengo kubwa la Eastgate lililofunguliwa mwaka 1996. Msanifu wake, Mick Pearce, aliangalia vichuguu vya mchwa na kujiuliza mchwa wanapataje hewa bila mashine. Akajenga jengo linalopoa kwa kupitisha hewa kwenye kuta nzito na mabomba yake, bila viyoyozi vya kawaida. Baadaye wanasayansi waliochunguza vichuguu kwa makini zaidi waligundua kwamba hewa ndani yake haiendi vile ilivyodhaniwa. Hata hivyo jengo linafanya kazi. Kwa nini? Kwa sababu msanifu hakuishia kwenye mfano wa mchwa. Alirudi mezani, akapima na kuhesabu. Fundi anayetembea bila kupima ni mwota ndoto, na anayepima bila kutembea ataendelea kupima benchi lilelile.

Wala usidhani ni lazima upate msitu mkubwa. Charles Darwin, yule mwanasayansi wa Uingereza, alikuwa na njia fupi ya mchanga kando ya nyumba yake, akaipandia miti, akaizunguka karibu kila siku kwa miaka mingi. Alihesabu mizunguko kwa kupiga teke jiwe moja kila anapopita. Kama kuna miti michache mtaani kwako iliyoachwa isimame, anzia hapo. Nenda na swali moja. Tembea polepole. Zima simu. Chora. Usivunje kitu. Na siku hiyohiyo kaa mezani.

Lakini miti hiyo ipo wapi? Sasa nafika kwenye jambo linaloniuma.

Siku ile tukitoka Pugu, kando ya njia tulikuta kisiki kibichi, na mbele yake duara jeusi la majivu ambapo palikuwa na tanuri la mkaa. Kijana alisimama hapo muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Msitu wa Pugu na ndugu yake Kazimzumbwi ni masalia ya misitu ya pwani ambayo zamani ilikuwa mikubwa zaidi, na ina mimea na wanyama wasiopatikana sehemu nyingi duniani. Mji unaukaribia kila mwaka, na jiko la mji linakula. Nilitaka kuwalaani wachoma mkaa. Kisha nikakumbuka gunia lililo jikoni kwangu. Kijana naye akakumbuka chai anayochemshia mafundi wenzake. Hatukusemeshana mpaka Gongo la Mboto.

Wenzetu wa Nairobi walikaribia kuupoteza msitu wa Karura. Mnamo mwaka 1998 na 1999 ardhi yake ilikuwa imegawiwa watu wajenge, na Profesa Wangari Maathai pamoja na wenzake walikwenda kupanda miche humo. Walipigwa, naye akaumizwa kichwani. Hawakurudi nyuma. Leo Karura ni msitu wenye njia za kutembea ndani ya jiji, na mtu wa Nairobi anaweza kutoka ofisini akaingia chini ya miti.

Tunapotetea misitu huwa tunataja mvua, maji na hewa. Ni kweli, na tuendelee kuvitaja. Ila naomba tuongeze hoja moja: msitu nao ni karakana. Tukiuchoma, hatuchomi mbao peke yake. Tunachoma na mifano ambayo mafundi wetu walikuwa hawajaiona bado, kisha tunawashangaa wanapoiga makochi ya katalogi za watu. Kijana wangu ameanza kuokoa vumbi la mbao na mabaki ya karakana ili apunguze mkaa wa chai. Mimi nimenunua mtungi wa gesi, na mama watoto ananikumbusha kila unapokwisha kwamba wazo lilikuwa langu.

Mwezi ujao tutarudi tena Pugu. Ameletewa kazi ya kabati la vitabu ambalo lazima libebwe ghorofa ya nne bila lifti. Ameshaandika swali lake kwenye daftari: ni nani humu msituni mwenye umbo kubwa na uzito mdogo?

Sikumpa jibu. Hata mimi silijui. Tutatembea.